Imani na usomi: Msomi Mkristo mbele ya mtihani wa ushahidi

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo husikika mara nyingi kijana aliyelelewa kanisani anapoingia chuo kikuu. Nyumbani wapo wazee wanaomwonya kwamba vitabu vitamtoa katika imani. Chuoni wapo wasomi wanaomwambia kwamba mtu anayepiga magoti kusali hawezi kuwa mtafiti wa kweli. Makundi hayo mawili hayapatani katika mengi, lakini katika hili yanakubaliana: kwamba kijana huyo ni lazima achague kimoja na kukiacha kingine.

Swali hili si la vijana peke yao. Tangu miaka ya 1990 makanisa ya Afrika Mashariki yamekuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa vyuo vikuu binafsi. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Baraton cha Waadventista Wasabato kilipata hati yake mwaka 1991, kikafuatiwa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki mwaka 1992, na Daystar mwaka 1994. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilianza jijini Mwanza mwaka 1998, na Walutheri nao wakaanzisha Chuo Kikuu cha Tumaini katika muongo huohuo. Wahitimu wa vyuo hivyo ndio walimu wa watoto wetu, wanasheria, wahasibu na wanahabari wetu.

Hivyo ni haki kuuliza: ni kitu gani kinachoufanya usomi uwe wa Kikristo? Je, ni sala inayotangulia kipindi, au ni sheria ya mavazi? Au kipo kitu ndani ya kazi yenyewe ya kusoma, kupima na kuandika ambacho imani hukigusa?

Njia nne

Mtaalamu wa Marekani, Ian Barbour, ambaye alisomea fizikia na teolojia kwa pamoja, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchambua jambo hili. Katika maandishi yake alizigawa njia ambazo watu huzifuata katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la ugomvi: imani na elimu ni maadui, na mmoja akishinda mwingine ameshindwa. La pili ni la kutengana: imani ina chumba chake, elimu ina chumba chake, na mlango kati yao umefungwa. La tatu ni la mazungumzo: kila upande una kazi yake, lakini huulizana maswali. La nne ni la muungano: mtu hujaribu kuyajenga yote mawili kuwa mfumo mmoja wa fikra.

Wanafunzi wengi wa vyuo vyetu huishi katika fungu la pili bila kulitaja jina. Jumapili wapo kwaya, Jumatatu wapo maabara, na mambo hayo mawili hayakutani kamwe. Njia hiyo ina utulivu wake, lakini haidumu. Siku moja swali la maabara huingia kanisani, au swali la kanisani huingia maabara, na mtu hujikuta hana la kusema.

Onyo la Mwafrika wa kale

Chuo cha Mwanza kimepewa jina la mtu aliyeliona tatizo hili karne 16 zilizopita. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ulio katika nchi ambayo leo ni Algeria, akawa mwalimu wa ufasaha wa lugha kabla ya kuwa askofu wa Hippo. Katika kitabu chake kirefu kuhusu maana ya Mwanzo alitoa onyo kwa waumini wenzake.

Alieleza kwamba hata asiyeamini aweza kuwa na ujuzi wa kweli kuhusu nyota, wanyama na mimea, ujuzi alioupata kwa kuchunguza na kufikiri. Mtu huyo akimsikia Mkristo akisema upuuzi kuhusu mambo hayo na kudai kwamba ndivyo Maandiko yasemavyo, atacheka. Hasara kubwa, kwa maoni ya Augustino, si aibu ya yule mjinga mmoja, bali ni kwamba mcheko huo utaangukia Maandiko yenyewe. Asiyeamini atajiuliza: ikiwa vitabu hivi vinakosea katika mambo ninayoyajua, nitaviaminije katika mambo nisiyoyajua?

Onyo hilo halikusikilizwa kila mara. Galileo alimnukuu Augustino katika kujitetea kwake, lakini mwaka 1633 alihukumiwa mjini Roma kwa kushikilia kwamba dunia hulizunguka jua. Ilipofika mwaka 1992 ndipo Papa Yohane Paulo wa Pili alipokiri hadharani makosa ya wanateolojia waliomhukumu.

Padri na mwanzo wa ulimwengu

Kisa cha Galileo hutajwa sana kwa sababu kinawafaa wale wanaotaka ugomvi. Kipo kisa kingine, kisichotajwa sana, kinachofundisha zaidi.

Georges Lemaître alizaliwa Ubelgiji mwaka 1894. Alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kisha akapewa upadri mwaka 1923. Alisoma Cambridge, Uingereza, na baadaye Marekani, akarudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven. Mwaka 1927 alichapisha makala iliyotumia nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein kuonyesha kwamba ulimwengu haukusimama, bali unatanuka, na kwamba galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, zinazidi kuachana.

Einstein alipokutana naye mwaka huohuo mjini Brussels alikubali kwamba hesabu zake hazina kosa, lakini akalikataa wazo lenyewe kwa maneno makali. Miaka miwili baadaye, Mmarekani Edwin Hubble alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba galaksi zilizo mbali zaidi ndizo zinazokimbia zaidi. Mwaka 1931 Lemaître alipiga hatua nyingine: ikiwa ulimwengu unatanuka, basi ukirudisha nyuma hesabu utafika wakati ambapo vyote vilikuwa vimesongamana mahali pamoja. Wazo hilo ndilo lililokua na kuwa nadharia inayojulikana leo kama Mlipuko Mkuu.

Wapo waliolitilia shaka kwa sababu mwenye kulileta alivaa kanzu ya upadri. Mwingereza Fred Hoyle, ambaye mwaka 1948 alikuwa miongoni mwa waliotetea kwamba ulimwengu hauna mwanzo, hakuficha kwamba habari ya mwanzo ilimnukia dini. Ndiye aliyelibuni jina hilo la mlipuko, katika kipindi cha redio ya BBC mwaka 1949.

Mtihani mkubwa wa Lemaître, hata hivyo, haukutoka kwa wapinzani. Ulitoka nyumbani. Novemba 1951, Papa Pius wa Kumi na Mbili aliihutubia Akademia ya Sayansi ya Kipapa, ambayo Lemaître alikuwa mwanachama wake, na akazungumza kana kwamba sayansi mpya imekuwa shahidi wa ile siku Mungu alipoamuru iwepo nuru.

Padri mwingine angefurahi. Mkuu wa Kanisa lake alikuwa ameipa heshima kazi yake mbele ya dunia nzima. Lemaître hakufurahi. Wanahistoria wa sayansi wanaeleza kwamba mwaka 1952, akiwa safarini kwenda kwenye mkutano wa kisayansi Cape Town, alipita Roma na kuzungumza na washauri wa Papa. Septemba mwaka huo, Papa alipowahutubia wataalamu wa nyota kutoka nchi mbalimbali waliokutana mjini humo, hakuyarudia maneno yale.

Kwa nini alikataa zawadi hiyo? Sababu yake ilikuwa na pande mbili. Upande wa sayansi, nadharia yake wakati huo ilikuwa bado haijathibitishwa, na kuifunga kwenye mafundisho ya dini kungewafanya watu waipime kwa dini zao badala ya kuipima kwa vipimo. Upande wa imani, aliona kwamba Mungu anayeegemezwa kwenye nadharia ataanguka siku nadharia hiyo itakaporekebishwa. Kwake, uumbaji haukuwa tukio la kwanza katika mfululizo wa matukio ya kifizikia; ulikuwa ni jibu la swali jingine, la kwa nini vitu vipo badala ya kutokuwepo.

Mwaka 1965 zilitangazwa habari za kugunduliwa kwa mawimbi dhaifu ya redio yanayotoka pande zote za anga, ambayo ni masalia ya joto la ule mwanzo. Lemaître aliambiwa habari hizo akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufariki Juni 1966. Mwaka 2018 wanachama wa umoja wa kimataifa wa wataalamu wa nyota walipiga kura na kupendekeza kwamba kanuni ya kutanuka kwa ulimwengu, iliyobeba jina la Hubble peke yake, ibebe pia jina lake.

Leuven yafika Kongo

Itasemwa kwamba kwa Lemaître jambo lilikuwa jepesi, kwa kuwa nyota hazina dini. Itakuwaje pale ambapo somo lenyewe ni mwanadamu, mila zake na Mungu wake? Hapo hoja inafika Afrika, na kwa njia ya Leuven yenyewe.

Mwaka 1954 chuo hicho kilisaidia kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Januari 1960, miezi michache kabla ya uhuru wa Kongo, ulifanyika hapo mdahalo uliobaki katika historia ya elimu ya dini barani. Mwanafunzi Tharcisse Tshibangu alitetea kwamba inawezekana kuwapo teolojia yenye sura ya Kiafrika. Mkuu wa kitivo chake, Alfred Vanneste, alijibu kwamba teolojia ikiwa ni taaluma kamili ni lazima iwe ya watu wote, kama zilivyo taaluma nyingine.

Mwanafunzi huyo baadaye alikuwa mkuu wa chuo kikuu cha taifa nchini mwake na askofu wa Mbujimayi. Mdahalo wenyewe haukupata mshindi wa wazi, lakini uliliweka swali mezani: je, msomi anaweza kuingia katika utafiti akiwa na imani yake na asili yake, na bado kazi yake ikubalike na asiyeshiriki imani hiyo?

Sasa na Zamani

Mtu aliyelijibu swali hilo kwa vitendo katika Afrika Mashariki ni John Mbiti. Alizaliwa mwaka 1931 Kitui, Kenya, akasoma Makerere na Marekani, akapata shahada ya uzamivu Cambridge mwaka 1963. Alikuwa kasisi wa Kianglikana, na kuanzia mwaka 1964 hadi 1974 alifundisha Makerere. Kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, kilichotoka mwaka 1969, kilisomwa duniani kote.

Wakati huo vitabu vingi vya wageni viliita imani za mababu zetu ushirikina mtupu. Mbiti alikusanya habari za jamii nyingi za bara hili na kudai kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla ya wamisionari kuja. Hapa imani yake ilikuwa imemsukuma kuuliza swali ambalo wengine hawakuliona kuwa na maana.

Katika kitabu hicho alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya istilahi za falsafa. Alidai kwamba katika fikra za jadi za Mwafrika wakati una pande mbili tu: Sasa, unaohusu yaliyopo na yaliyo karibu, na Zamani, bahari kubwa inayomeza yote yaliyopita. Wakati ujao wa mbali, alisema, haukuwapo katika fikra hizo. Ushahidi wake aliutoa zaidi katika vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, ambavyo kwa maelezo yake havikuvuka miaka miwili mbele.

Dai hilo lilikuwa na uzito kanisani. Ikiwa ni kweli, basi mahubiri ya kurudi kwa Kristo na maisha yajayo, yaliyoletwa na wamisionari Ukambani, yalieleweka kwa namna ambayo wahubiri hawakuitarajia. Hiyo ndiyo iliyokuwa mada ya tasnifu yake.

Lakini usomi una kanuni: anayedai, hupimwa. Kwame Gyekye, mwanafalsafa wa Ghana, alijibu kwamba lugha ya Kiakan ina maneno ya wakati ujao wa mbali, hivyo lugha mbili za Kenya haziwezi kusemea bara zima. Msomaji wa Kiswahili naye anajua kwamba lugha yake huhesabu kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, ingawa Mbiti angeweza kusema kwamba siku hizo zote bado zimo ndani ya Sasa.

Pigo kali zaidi lilitoka kwa Okot p'Bitek wa Uganda, mshairi na mtafiti wa mila. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwashambulia wasomi Waafrika Wakristo, Mbiti akiwamo, kwa kuwavisha miungu wa Afrika mavazi ya kigeni. Alieleza jinsi wamisionari walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha yao haikuwa na neno la kuumba kutoka katika utupu, swali likawafikia kama: ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakamtaja Rubanga, ambaye kwao alikuwa pepo anayewapinda watu mgongo kwa maradhi. Jina hilo likaingia katika mafundisho ya dini kuwa jina la Mungu Muumba.

Hoja ya Okot ilikuwa kwamba mtu anayetafuta Mungu wa Biblia katika kila kabila atampata, hata pale ambapo hayupo. Ni onyo linalomhusu kila msomi mwenye imani: swali uliloongozwa kuliuliza lisigeuke kuwa jibu uliloliamua kabla ya kutafiti.

Mbiti alifariki Oktoba 2019, akiwa ameacha pia tafsiri ya Agano Jipya kutoka Kigiriki kwenda Kikamba. Hoja zake zingali zinajadiliwa, na hiyo ni heshima ya kitaaluma. Hakuna aliyetakiwa kukubaliana naye kwa sababu tu alikuwa kasisi, na hakuna mwenye haki ya kumpuuza kwa sababu hiyo hiyo.

Kikombe cha Loliondo

Kama mambo haya yanaonekana kuwa ya vitabuni tu, Tanzania ina mfano wake. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka nchini na nchi jirani walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyesema Mungu alimwonyesha ndotoni. Kikombe kiliuzwa shilingi 500, na ilidaiwa kwamba kinaponya magonjwa sugu, Ukimwi ukiwamo. Viongozi wa serikali na wa dini walikuwa miongoni mwa waliokunywa. Vyombo vya habari viliripoti foleni ndefu za magari na wagonjwa waliofia njiani.

Daktari Mkristo alijikuta katika mtihani kamili. Hakutakiwa kukana kwamba Mungu anaweza kuponya. Lakini anayesema kuwa mgonjwa wa Ukimwi amepona amesema jambo linalopimika katika damu. Kulipima si kumjaribu Mungu. Ni kumlinda mgonjwa anayetaka kuacha dawa zake za ARV. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba kikombe kile kiliponya Ukimwi. Mganga aliyenyamaza kwa kuogopa kuitwa asiyeamini hakuitetea imani yake, bali alimwacha mgonjwa peke yake.

Imani iingie wapi?

Kutokana na visa hivi tunaweza kusema mahali ambapo imani ina nafasi halali katika usomi. Kwanza, katika kuchagua swali. Mtafiti anayeamini kwamba kila mtu ana thamani mbele za Mungu anaweza kuchunguza maradhi ya maskini ambayo hayana faida sokoni. Pili, katika mwenendo. Mwanafunzi anayeimba kwaya lakini amenunua tasnifu kwa mtu mwingine, au mhadhiri anayehubiri uadilifu huku akidai rushwa ya ngono kwa wanafunzi wake, ametenganisha alichodai kukiunganisha. Tatu, katika matumizi ya elimu yenyewe: kwa ajili ya nani, na kwa gharama ya nani.

Pasipo na nafasi ni kwenye mizani ya ushahidi. Hapo Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wanasoma kipimo kimoja, na Hoyle aliyelikataa wazo kwa sababu lilinuka dini hakuwa na haki zaidi ya mhubiri anayelikubali kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo mkesha wa maombi hauchukui nafasi ya maktaba, na mwalimu anayewakejeli wanafunzi wanaosali hajatoa hoja yoyote ya kitaaluma.

Vyuo vyenye majina ya watakatifu vina wajibu wa ziada hapa. Mzazi anayempeleka mwanawe katika chuo cha kanisa hutarajia maadili, na ni haki yake. Lakini atafute pia kujua kama humo mwanafunzi anaruhusiwa kuuliza swali gumu, kama wizi wa kitaaluma huadhibiwa hata mwenye kosa akiwa kiongozi wa sala, na kama mhadhiri anaweza kuchapisha matokeo yasiyowafurahisha wamiliki.

Lemaître alikuwa na nafasi ya kunyamaza na kupokea sifa. Aliamua kumkumbusha mkuu wa Kanisa lake kwamba hesabu zile hazijathibitishwa. Hakuna anayejua ni wangapi katika vyuo vyetu wangekuwa na ujasiri huo mbele ya askofu wao, au mbele ya profesa wao.